Pesa ya Yerusalemu haikutimia, tukaenda Bagamoyo na Unguja

Mweka Hazina wa Moro

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi tangu mwezi uliopita, leo ndiyo nimepata nafasi. Ni mrefu. Mwenye haraka apite tu.

Sisi ni watu 26 wa hapa Morogoro. Tulianza kama kikundi cha kuweka akiba, karibu wote tunafahamiana kwa kwaya na misiba. Wakatoliki ndio wengi, Waanglikana saba, Walutheri wanne na Msabato mmoja. Lengo lilikuwa Nchi Takatifu: Bethlehemu, Galilaya, mto Yordani, Yerusalemu. Tulichanga miaka miwili na nusu. Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo kila nongwa ilipitia mlangoni kwangu. Wakala tuliyempa malipo ya mwanzo alisogeza tarehe mara tatu. Alipotaka kusogeza ya nne tukadai chetu. Kilirudi, pungufu. Simtaji.

Kikaitwa kikao. Wenzetu wengine wakasema tugawane, kila mtu akanunue mabati yake. Ndipo bibi mmoja, mwenyeji wa Masasi aliyeolewa huku zamani, miaka 78, akanyoosha mkono: "Mimi nataka kuiona Mbweni kabla sijafa. Yerusalemu mtanihadithia mkirudi."

Wote tukajua anasema Mbweni ya Dar, kule kwenye maghorofa. Kijana mmoja akamwambia bibi, mbona huko ni nauli ya daladala tu. Bibi akacheka. Anasema Mbweni ya Unguja.

Basi ndivyo safari ilivyozaliwa. Siku tano, Alhamisi hadi Jumatatu. Ratiba ilipangwa na Msabato bila yeye kujua, maana ilibidi tuwe tumeshavuka bahari Ijumaa kabla jua halijazama na Sabato yake haijaanza.

Naendelea chini. Msiniwekee maneno katikati mpaka nimalize Bagamoyo.

Kibibi Kofia

Nimeweka kiti. Ila "msiniwekee maneno" hapa jamvini umekosea mlango 😂

Mweka Hazina wa Moro

BAGAMOYO

Kutoka Moro hatukupita Dar. Tulikata Chalinze, tukaingia Msata, lami mpaka Bagamoyo. Saa nne asubuhi tupo misheni.

Kwanza niseme kosa letu. Tulifika na vichwa vya picha. Kila mtu simu mkononi, dakika ishirini hapa, dakika ishirini pale. Kuna mbuyu mkubwa mbele ya makanisa, na kwenye shina lake umetokeza mnyororo mfupi, mwingine wote umemezwa na mti. Ukisogea unaviona vipingili vichache vyenye kutu, gome limevifumbata kama mdomo wa mtu asiye na meno. Mama wawili wa kwaya wakaanza kulia. Wengine wakapiga picha mikono imeshika mnyororo, nyuso za huzuni, wakaziweka palepale kwenye magrupu: "hapa ndipo babu zetu walipofungwa".

Kiongozi wetu akasubiri tumalize. Kisha akasema taratibu kwamba mnyororo ule ni wa punda. Kulikuwa na mama wa Kizungu, Madame Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa pale misheni. Alikuwa akimfunga punda wake kwenye mbuyu. Punda akaondoka, mti ukaendelea kunenepa.

Nyie! Ile aibu. Lakini ndiyo iliyotutuliza. Kuanzia hapo watu wakaanza kusikiliza kabla ya kupiga picha.

Mapadri wa Roho Mtakatifu waliingia Bagamoyo 1868 wakitokea Unguja, Padri Antoine Horner akiwa mkuu wao. Walikuwa wakiwanunua watumwa, hasa watoto, na kuwaweka kwenye kijiji chao wenyewe palepale misheni. Ukishuka njia ya miembe kuelekea baharini unafika kwenye msalaba wa kumbukumbu ya kutua kwao.

Makaburi ya wamisionari yalitukalisha muda mrefu. Katekista wetu alikuwa anasoma mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, kijana mmoja anapiga hesabu kwa sauti. Baada ya makaburi kama kumi akaacha kupiga hesabu. Wengi ni vijana, umri wa wanangu. Homa ya malaria haikuwa na simile.

Halafu mnara. Nilikuwa na picha kichwani ya mnara mrefu. Ni mdogo, ni mabaki ya kanisa la kwanza. Mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo Februari 1874 kabla ya kupelekwa Unguja na kisha Uingereza. Hilo tulilijua shuleni. Lile la Chuma na Susi, wahudumu wake waliombeba, ndilo tulilopewa nusu. Livingstone alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Wenzake wakautoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakauanika, wakaufunga kwenye gome la mti na vitambaa. Njia nzima kwa miguu, karibu miezi tisa. Walipofika Unyanyembe, pale Tabora, wakakutana na Luteni Cameron, Mwingereza, akawashauri wauzike hapohapo. Wakakataa. Mbele huko wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao, wakaifungasha upya ionekane ni mtumba wa nguo.

Walipoukabidhi pwani wakalipwa ujira wao, basi. Aliyepanda meli na mwili hadi Uingereza ni Jacob Wainwright, kijana Myao aliyesomeshwa misheni ya Nasik kule India. Chuma na Susi walifika huko baadaye, mazishi yameshapita.

Naja na Unguja.

DaladalaLaMwisho

Mkuu hiyo ya punda nimecheka mpaka nimeitwa ofisini. Mimi picha yangu na mnyororo huo ipo kwenye wasifu tangu 2017. Naitoa sasa hivi.

Mzee Kilemba

Uzi mzuri, ila tusipake asali. Misheni walinunua watumwa, sawa. Lakini waliokombolewa hawakuambiwa nendeni mnakotaka. Waliwekwa kijijini, wakalima shamba la misheni, wakaamka kwa kengele, wakalala kwa kengele, wakaozeshwa wao kwa wao. Mtoto aliyechukuliwa Manyema arudi wapi? Ni kweli alikuwa hana pa kurudi. Lakini uhuru wa kuamriwa saa ya kuoga ni uhuru wa namna yake.

Kibibi Kofia

Mzee Kilemba, ungekuwa wewe ndiye mtoto pale sokoni ungechagua kengele au shamba la karafuu?

Mzee Kilemba

Kengele. Lakini bado ningeinung'unikia.

Mweka Hazina wa Moro

Mzee Kilemba shika hapo hapo kwenye kengele, nitarudi kwako.

UNGUJA

Boti ya Ijumaa alasiri kutoka Dar. Kama saa mbili hivi baharini. Ushauri wa bure: msile chipsi mayai bandarini. Sauti yetu ya kwanza yote, mama wanne, walimaliza safari wakikumbatia mifuko. Msabato alikuwa mzima, akawa anawapepea kwa Biblia. Tulitua jua likiwa bado juu kidogo, akanishika mkono akashukuru. Jumamosi alikaa na wenzake kanisani, sisi tukaenda Mkunazini.

Kanisa Kuu la Anglikana limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Ibada ya kwanza ndani yake, Krismasi ya 1877. Askofu Edward Steere ndiye aliyelisimamia, na kaburi lake lipo nyuma ya altare. Waanglikana wetu walisimama pale kwa heshima ya pekee, kwa sababu huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuyatia maandiko kwenye Kiswahili.

Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyekundu sakafuni. Panaoneshwa kuwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Pembeni upo msalaba wa mbao unaosemwa umetokana na mti wa kule Chitambo, ule uliozikiwa moyo wa Livingstone. Sisi tuliotoka Bagamoyo juzi tukaona kama kamba imefungwa ncha zake mbili. Na nyuma, karibu na kisima cha ubatizo, kuna nguzo zimesimamishwa kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kwamba Steere alikuwa safarini, mafundi wakaziweka walivyoona inafaa, aliporudi akaziacha. Fundi mmoja tuliyekuwa naye akazizunguka, akasema, "Ningekuwa mimi angenikata hela."

Nje kuna shimo la mraba lenye sanamu tano za mawe, watu wamefungwa shingo kwa mnyororo, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Wamezama ardhini mpaka magotini. Hakuna aliyepiga picha dakika tano za mwanzo. Somo la punda.

Kisha wakatushusha kwenye vyumba vya chini. Dari fupi, unainama. Vibaraza vya mawe kushoto na kulia, vidirisha kama vya kupitishia paka. Tukaambiwa watumwa walirundikwa humo kabla ya kunadiwa. Bibi alikataa kushuka. Alikaa juu kwenye ngazi, akasema miguu.

Mkunazini Damu

Assalam alaykum nyote. Mimi ni mzaliwa wa Mjini hapa hapa, si Mkristo, lakini kanisa lile ni jirani yangu tangu utoto. Ahsante kwa kuja kwetu.

Naomba nitie neno kwenye vyumba vya chini. Jengo lililo juu yake ni la misheni, lilikuwa hospitali kabla halijawa hosteli, na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Ndiyo maana wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba vyumba vile viliwahi kuweka watumwa. Wanaona vilikuwa stoo za hospitali. Soko lenyewe lilikuwapo, hilo halina ubishi, ila lilikuwa uwanja wa wazi. Wakitaka shimo la watumwa lisilo na maneno waende Mangapwani, kaskazini ya mji. Lile lilichimbwa kwa ajili ya kuwaficha watu baada ya biashara kupigwa marufuku.

La pili. Watu hudhani 1873 watumwa wote Unguja waliachiwa. Kilichopigwa marufuku ni kuwasafirisha baharini na kuwanadi sokoni. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hapa mpaka 1897, na hapo tayari tuko chini ya himaya ya Waingereza. Miaka 24 kengele ya kanisa inalia na mashamba ya karafuu yanalimwa na watumwa.

DaladalaLaMwisho

Kwa hiyo mnyororo ni wa punda na vyumba ni stoo ya dawa. Mwaka huu nimeibiwa 😭

Mzee Kilemba

Hukuibiwa. Mnyororo wa kweli ungeutaka wa nini?

Mweka Hazina wa Moro

Mkunazini Damu, shukrani sana. Sikuwa najua la hospitali. Nimekwenda kumwambia bibi asubuhi hii kwamba vile vyumba pengine havikuwa vya watumwa. Amenijibu: "Hata kama ni stoo, mimi sishuki." Nimeliacha hapo.

Binafsi naona kiongozi angetuambia yote mawili. Pale uwanjani palinitosha. Mimi niliguswa zaidi na lile duara jekundu kuliko vyumba, kwa sababu pale umesimama wima, ibada inaendelea, watu wanapokea ushirika juu yake.

Jumapili tulisali palepale, Kiswahili mwanzo mwisho. Baada ya ibada Wakatoliki wakakimbilia misa ya Minara Miwili, Kanisa la Mtakatifu Yosefu lililojengwa miaka ya 1890. Ni mwendo mfupi kwa miguu kama hujapotea. Tulipotea. Muuza urojo akatupeleka mpaka mlangoni na hakutaka senti.

MBWENI

Ni nje kidogo ya mji, upande wa kusini, karibu na bahari. Waingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walinunua eneo hilo 1871 kuwaweka watu waliookolewa kwenye majahazi. Kulikuwa na shule ya wasichana, sasa ni magofu, mizizi imeingia madirishani. Kanisa la Mtakatifu Yohana ni la 1882, bado linasaliwa. Kwenye makaburi yake amelala Caroline Thackeray, mwalimu mkuu wa ile shule, aliyefika 1877 na kufa 1926 bila kurudi kwao kuishi.

Sasa bibi. Ndani ya basi akatueleza kitu ambacho miaka yote ya kikundi hakuwahi kukisema. Mwaka 1876 Steere alitoka Unguja na kundi la watu hawa wa misheni kwenda kuwarudisha bara, upande wa Ziwa Nyasa. Wakashukia Lindi, wakatembea. Walipofika Masasi wakakuta ardhi nzuri, maji yapo, wamechoka, wakasema hapa panatosha. Misheni ya Masasi ikaanza hivyo. Baba wa bibi yake alikuwa kwenye msafara huo, akiwa kijana. Alitekwa mdogo sana, hata kabila lake hakulijua kwa hakika. Akiulizwa kwao wapi, alikuwa akijibu Mbweni.

Tulidhani bibi atatafuta kaburi. Hakutafuta. Alikaa kwenye kivuli, akavua viatu, akaomba maji. Akamuuliza msimamizi kama kengele bado ipo. Akasema bibi yake alimsimulia kuwa yule mzee hata uzeeni, hata akiwa shambani kwake mwenyewe Masasi, akisikia kengele yoyote, ya kanisa au ya shule, aliweka jembe chini na kusimama wima. Anasubiri. Kisha anakumbuka, anainama tena kulima.

Mzee Kilemba, ndiyo maana nilikwambia ushike hapo.

Mzee Kilemba

Nimeshika. Sina la kuongeza.

Kibibi Kofia

Nimesoma hiyo aya mara tatu. Mwambie bibi shikamoo yangu.

Kaya ya Mnazi

Hamjambo, mimi niko Kilifi, Kenya. Nilikuwa nasoma kimya ila hiyo ya kengele imenitoa.

Mombasa, ukivuka Nyali, tuna mtaa mzima unaitwa Kengeleni. Matatu zinasimama hapo kila siku na nusu ya abiria hawajui jina limetoka wapi. Limetoka kwenye kengele ya Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa 1875. Ilikuwa inagongwa kuwaonya watu wakija wateka watumwa. Mnara wake mdogo bado uko hapo kando ya barabara.

Mkirudi kuchanga, njooni huku. Anzeni na kaburi la Rosine Krapf upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844 na mke wake, huyo Rosine, na mwaka huohuo akamzika mke na mtoto mchanga. Kisha mpande Rabai. Krapf na Johannes Rebmann walianza misheni pale 1846. Kuna makumbusho, na nyumba zao bado zimesimama. Rebmann ndiye aliyeandika 1848 kwamba ameona theluji Kilimanjaro, wasomi wa Ulaya wakamcheka. Alikaa pwani hii karibu miaka 29 bila kwenda likizo kwao. Alipoondoka 1875 alikuwa kipofu.

Na Mzee Kilemba utaipenda hii: Rabai ilikuwa inapokea watumwa waliotoroka mashambani. Wenye watumwa wakaja juu, karibu damu imwagike. Tarehe 1 Januari 1889 wakalipiwa fidia, watu zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru. Aliyekuwa akiwasimamia pale misheni ni William Jones, mhudumu Mwafrika ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa na akalelewa India kama yule Wainwright wenu.

DaladalaLaMwisho

Mtunza hela, tupe mambo ya vitendo. Nataka kupeleka jumuiya yetu. Gharama siulizi maana kila mtu na tumbo lake.

Mweka Hazina wa Moro

Kaya ya Mnazi umeniharibia bajeti, asante.

Vitendo: kila mtu abebe kitambulisho, boti wanakitaka, na viingilio vya raia huwa tofauti na vya wageni. Kina mama kanga mbili, Mji Mkongwe ni mji wa heshima zake na mabega wazi si adabu. Tafuteni kiongozi anayeruhusu kuulizwa maswali. Wazee wakae mbele ya basi, na ngazi za kushuka popote pale waulizwe kwanza kabla hamjawalipia. Ukiwa na watu zaidi ya 20, gawanya makundi mawili pale Mkunazini, ndani ni padogo kwa kusikilizana. Na sehemu tatu kwa siku zinatosha. Sisi Alhamisi tulitaka kuunganisha na magofu ya Kaole baada ya misheni, tukafika tumechoka, ninachokumbuka cha Kaole ni dafu.

Kibibi Kofia

Na pesa ya Yerusalemu iliyobaki?

Mweka Hazina wa Moro

Ipo benki. Kikao ni wiki ijayo. Nusu wanataka Rabai, nusu bado wanataka Yerusalemu. Bibi anataka Masasi, anasema twende naye nyumbani kwao mwezi wa nane embe hazijaiva lakini barabara ni kavu. Msabato hana neno na popote, ameuliza tu tunaondoka siku gani.